Siku Niliyoitwa Daktari wa Ng'ombe Ntimaru

Kosa ambalo kisa hiki kinalifichua ni la kujivika ujuzi nisiokuwa nao. Nalitaja mapema, wenzangu, kwa sababu mimi ndiye yule yule ambaye kwa miaka mingi nimewakemea wanasiasa, wahubiri na vijana wa mitandaoni kwa kosa hilo hilo, tena kwa lugha kali na mifano kutoka historia ya mataifa ya mbali, mpaka siku nilipojikuta nimelala chali katika kinyesi cha ng'ombe mbele ya umati wa Ntimaru, suti imeharibika, miwani haijulikani ilipo, na mtu mwenye kipaza sauti akiwatangazia walioketi nyuma kila kilichonipata.

Nilizaliwa kisiwani Rusinga, katika boma ambalo baba alivua na mama alilima mtama, nikafundisha historia katika shule za upili hadi nywele zilipoanza kunitoka, kisha nikaiacha chaki na kuwa mwandishi wa kujitegemea mjini Homa Bay. (Kwa wasioijua kazi hii: ni mtu anayeamka asubuhi bila mkubwa wa kumwamuru na bila hakika ya lolote, akaandika juu ya chochote ambacho mhariri fulani atakubali kukisoma.) Nimeandika juu ya ukaushaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, na juu ya nyota, juu ya mboga za kienyeji na jinsi mama zetu walivyoziondoa uchungu kwa maziwa, juu ya viboko wanaovamia mashamba, uundaji wa mashua, adabu za matanga na ubadhirifu wa matanga, asili ya majina ya vilima, na mara moja, kwa ujasiri ambao hata leo siuelewi, juu ya muziki wa kinanda. Mambo yote hunivutia. Hilo si kosa. Mtu anaweza kuupenda ulimwengu wote pasipo kudai kwamba aliuumba.

Sasa, chini ya makala gazeti huweka mstari mmoja wa kumtambulisha mwandishi, na mstari wangu ulisema hivi: "Mwandishi ni mtafiti wa historia na lishe." Jioni moja, nikiwa natuma makala juu ya wachuuzi wa maziwa, niliusoma mstari ule kwa sauti na nikaona unachechemea. Ulikuwa na mafiga mawili, na chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Nikauongezea la tatu: "na mtaalamu wa afya ya mifugo." Ushahidi wangu ulikuwa kitabu kinene cha utabibu wa wanyama, kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu vikuukuu pale Migori na kukisoma mara mbili kwa furaha kubwa, pamoja na makala tatu nilizoziandika kutokana nacho. Nilipousoma tena, mstari ulitulia vizuri. Nikautuma.

Mke wangu Akinyi, ambaye ni muuguzi na hana subira na maneno matupu, aliliona gazeti.

"Baba Otieno, huyu mtaalamu wa mifugo ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe? Si juzi tu beberu wa jirani alikukimbiza ukapanda juu ya tangi la maji?"

"Beberu yule," nilimjibu kwa utulivu, "hakuwa mgonjwa. Afya yake ilikuwa njema kabisa."

Alicheka, nami nikacheka, na jambo lingeishia hapo kama simu isingelia wiki ile ile.

Aliyepiga alijitambulisha kuwa Mama Gati, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Ntimaru, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. "Hallo, ni daktari?" Nikasema ni mwandishi. "Ndiyo, huyo huyo," akasema. "Tumesoma ile kitu uliandika ya maziwa. Sisi tuko na siku yetu ya ng'ombe Jumamosi. Tunataka wewe ndio utuongelee, halafu uandike historia ya kikundi." Hapo ndipo mlango wa ukweli ulipokuwa wazi, upana wake kama lango la zizi, nami ningeupita kwa maneno mawili tu, lakini mwaliko ulinipendeza, na neno daktari (niseme ukweli sasa, maana wakati ule sikuusema) lilinikaa vizuri masikioni. Nikajibu kwamba nitafurahi sana.

Inafaa mjue historia ya kikundi kile, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ni nini hasa nilikaribia kukiharibu. Akina mama wale walipewa mtamba mmoja, yaani jike ambaye hajazaa bado, na utaratibu wao ni kwamba anayekaa naye hunywa maziwa, lakini ndama jike wa kwanza hupitishwa kwa mama anayefuata kwenye orodha, naye wa kwake humpitisha kwa mwingine, hivyo hivyo mpaka kila boma liwe na ng'ombe. Walikuwa wamewahi kuanza miaka ya nyuma na ng'ombe mwingine, na mume wa mmoja wao akamtoa mahari ya mtoto wake wa kiume, safari ikaishia hapo. Tangu siku ile wakaweka sheria: mkono wa mwanamume hautamgusa ng'ombe wa kikundi, awe mume, kaka au mchungaji wa kanisa. Daktari peke yake ndiye anayeruhusiwa.

Mtamba wa sasa alikaa kwa Mama Gati na alikuwa na mimba ya kwanza. Aliyefuata kwenye orodha aliitwa Boke, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, mjane mwenye watoto wanne, ambaye alikuwa amekwisha kujenga kibanda cha ndama, akakiezeka, akapanda na majani ya malisho kando yake. Nilipofika asubuhi ile nikiwa katika suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa, kitu cha kwanza alichonionyesha ni kile kibanda. Kilifagiliwa safi. Hakikuwa na kitu ndani.

Mkutano ulifanyika uwanjani, hatua chache tu kutoka zizi la Mama Gati, na mshereheshaji alikuwa bwana mmoja aitwaye Mwita, ambaye kazi yake ya kila siku ni kunadi ng'ombe mnadani, kwa hiyo hakujua namna ya kumtaja mtu bila kumpandisha thamani. Akausoma ule mstari wangu wa gazetini, akauona mfupi, akaurefusha. Nikawa mtafiti wa kimataifa. Nikawa mtaalamu mkuu. Mwishowe akapaza sauti, "Wazazi, mpokeeni daktari!" na vigelegele vikapigwa. Nilipaswa kusimama palepale na kumrekebisha. Badala yake niliinamisha kichwa kidogo, kama mtu mnyenyekevu anayeona haya kwa sifa ambazo ni za kweli.

Hotuba yangu ilihusu maarifa na uaminifu. (Msicheke bado.) Nilikuwa nimefika mahali pa kusema kwamba aliyesoma hana haki ya kumhadaa aliyemwamini, na nimeinua kidole kwa ajili ya maneno hayo, mwanamke mmoja alipotoka mbio zizini akipiga kelele, "Ng'ombe inazaa! Imeanza lakini inakataa!"

Watu wote waliinuka. Mama Gati akanishika mkono, si kwa heshima ya mgeni tena bali kama mtu anayeshika jembe. "Afisa wa mifugo ameenda kuchanja upande ile ingine, simu yake haishiki," aliniambia. "Lakini Mungu ni nani! Amekuleta wewe leo."

Mtamba alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka, na chini ya mkia wake zilionekana kwato mbili ndogo nyeupe, zisizoenda mbele wala kurudi nyuma. Kwenye ua wa zizi alikuwa ameegemea mzee mmoja mwenye fimbo, Mzee Chacha, mume wa Mama Gati.

"Mimi nimezalisha ng'ombe tangu sijaota ndevu," alisema kwa uchungu, "lakini hawa wamama wamekataa mkono yangu."

"Mkono yako ndio ilipeleka ile ya kwanza mahari!" Mama Gati alimjibu bila kugeuka.

Watu wakacheka, mzee akaitazama fimbo yake, nami nikaelewa kwamba katika uwanja ule wote, uliojaa wanaume waliokulia nyuma ya ng'ombe, mwanamume pekee aliyeruhusiwa kuingia ni mimi, ambaye nilimjua ng'ombe kwa kurasa.

Nikaingia. Nikaagiza maji ya moto, sabuni, mafuta na kamba, kwa sababu kitabu kilisema hivyo, na agizo lenyewe lilitamkwa kwa sauti nzuri sana. Nikamkabidhi Boke koti langu. Nyuma yangu Mwita alikuwa amekuja na kipaza sauti chake hadi kwenye ua, na aliona ni wajibu wake kuwahudumia wasioona: "Daktari amevua koti! Daktari anakunja mikono ya shati! Sasa daktari anafikiria!" Ni kweli nilikuwa nafikiria. Nilikuwa naukumbuka mchoro mmoja wa upande wa kulia wa kitabu, uliokuwa na mishale, isipokuwa ng'ombe wa mchoroni alikuwa amelala akielekea upande mwingine, na sikuweza kumgeuza kichwani mwangu.

Nikafunga kamba juu ya zile kwato na kuvuta. Hakuna kilichosogea. Nikavuta kwa nguvu zaidi, nikakita mguu mmoja ardhini kama mtu anayevuta mashua kutoka majini (hiyo angalau niliwahi kuifanya utotoni), mtamba akatoa sauti ambayo sitaisahau, akajikaza, akarusha mguu, na ule mguu ukanipata pajani. Niliondoka mahali nilipokuwa. Nikaanguka chali, miwani ikaruka, na kabla sijajua kama nimevunjika, kitu cha moto kilimwagika juu ya shati langu kutoka kwa mwenye haki ya kukimwaga. "Daktari ameanguka!" Mwita alitangaza, kisha, kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti hakikuweza kuificha, "Ai, amechafuka kabisa."

Nikainuka nikaishika kamba tena. Naomba mlizingatie hilo, kwa maana hapo ndipo aibu yangu ya kweli ilipo, wala si kwenye kinyesi. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba sijui, na bado nilikuwa tayari kuvuta mara ya pili ili nisionekane.

"Mzee, ngoja kwanza."

Aliyesema alikuwa mwanamke wa makamo mwenye hijabu ya kijani, muuza vitambaa wa pale senta, penye maduka, ambaye wazazi wake walikuwa wafugaji huko Isiolo, na aliyekuwa amealikwa kwa sababu leso za sare za kikundi zilitoka dukani kwake. Alikuwa amevuka ua bila kumwomba mtu ruhusa.

"Unavuta nini?" akaniuliza.

"Miguu."

"Miguu naiona. Kichwa kiko wapi?"

Nilimtazama. Bila miwani nilimwona kama ukungu wa kijani. Ningeweza kusema jambo fulani, maneno hayajawahi kunikosa. Lakini nyuma yake alisimama Boke, amelikumbatia koti langu kifuani kwa mikono miwili kana kwamba yeye akilishika vizuri nami nitafanya kazi yangu vizuri.

"Sijui," nikasema.

"Basi usivute."

Nikageuka kwa umati. Sikuhitaji kupaza sauti, kwa sababu Mwita alikuwa amenyoosha kipaza sauti juu ya ua hadi mdomoni mwangu. "Mimi si daktari," nikasema, na maneno yale yakaenda hadi barabarani na kurudi. "Sijawahi kumzalisha hata kuku. Nilisoma kitabu."

Mama Gati ndiye aliyejibu kwanza.

"Kitabu moja?"

"Kimoja. Mara mbili."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Nilingoja nifukuzwe, na ningeona ni haki. "Basi shika mkia," akasema.

Nikashika mkia. Yule mwanamke wa hijabu aliwaomba akina mama wamzungushie leso, ili ng'ombe apate utulivu naye apate stara ya kukunja mikono ya nguo yake hadi begani, na kwa dakika moja likasimama boma la nguo za rangi zote, ndani tukiwa yeye, Mama Gati, mtamba, na mimi niliyeangalia pale tu nilipoelekezwa. Nje watu hawakuona tena kitu. Boke alikuwa huko nje, miongoni mwa walioshika leso, amekipa kisogo kile alichokingoja miaka mitatu.

"Jamani, tuambieni!" Mwita alilia kutoka upande wa pili. "Kunaendaje huko?"

"Mpe huyu kipaza sauti," alisema yule mwanamke, mkono wake umekwisha kuzama hadi kwenye kiwiko. "Si ni mwandishi? Aandike kwa mdomo." Kisha akanigeukia. "Sema unachokiona. Usiongeze."

Ndugu zangu, nimehaririwa na watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kunipa amri bora kuliko ile. Kwa mkono wa kushoto nilishika mkia, kwa wa kulia kipaza sauti, na Mama Gati akanivalisha miwani yangu iliyokuwa imeokotwa, kioo kimoja kimepasuka. "Amefungua kamba," nikasema. "Anamsukuma ndama arudi ndani." Nje kulisikika mguno wa hofu. "Anasema kichwa kimegeukia nyuma, kimelala ubavuni. Anakitafuta. Ng'ombe anasukuma, naye anangoja." Sikuwa na methali, sikuwa na mfano. "Anasema ameishika pua. Sasa anaizungusha polepole. Bado. Bado." Nikausogeza mkia pembeni nione vizuri. "Naona pua. Iko juu ya miguu yote miwili. Naona ulimi."

"Sasa tuvute," alisema, "lakini akisukuma yeye tu, na kuelekea chini." Mama Gati akashika mguu mmoja naye mwingine, wakafuata pumzi za mtamba, na ndama akatoka mwili wote kwa mara moja, ameloa, mrefu kuliko nilivyotarajia, akalala juu ya majani bila kusogea.

"Ametoka," nikasema. Nje vigelegele vikaanza. "Hapana, ngojeni. Hapumui."

Vigelegele vikakatika. Yule mwanamke alimpangusa pua na mdomo, akachukua bua la nyasi, akachokoza nalo ndani ya tundu la pua. Hakuna kitu. Akasema neno la dua kwa sauti ya chini na kulichokoza tena, na ndama akapiga chafya. Ilikuwa chafya ndogo, ya mtu anayelalamikia vumbi, na kipaza sauti kiliichukua na kuipeleka uwanjani kabla sijatamka lolote. Kisha Mama Gati akainua mguu wa nyuma, akaangalia, akaketi chini pale pale kinyesini na kuanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Ni jike," nikawaambia watu wote. "Boke, ni jike."

Boma la leso likaanguka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulishika. Boke alipita katikati, akapiga magoti, akaliweka koti langu la kijivu juu ya ndama na kumkausha nalo, akisugua kwa nguvu, nami nakiri kwamba suti ile haijawahi kufanya kazi ya maana zaidi.

Nafuu kubwa niliyoipata haikuhusu heshima yangu, maana hiyo ilikwisha kuzikwa. Ilikuwa ile ya mtu aliyeamka kutoka ndoto ya kuua akakuta mikono yake ni safi. Nilimuuliza yule mwanamke alipokuwa ananawa, kungekuwaje kama ningeendelea. "Ungevuta mara mbili tatu tena, shingo ya ndama ingekwenda," alisema bila ukali. "Pengine na mama yake." Halafu akaniomba nimsogezee sabuni.

Hawakunifukuza. Walinipa shati la Mzee Chacha, pana kwangu kama hema, na tukala pamoja, na mzee akaketi kando yangu kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amepata mwenzake katika fedheha. Mwita alinitambulisha upya kwa jina la Mshika Mkia, na nasikia hadi leo mnadani Ntimaru jina hilo linajulikana kuliko makala zangu zote. Jumatatu nilimpigia mhariri, nikamwomba auache mstari wangu uchechemee. Akinyi alilipokea lile shati mlangoni, akanusa, akaniuliza tu kama mama na mtoto ni wazima, na nilipomwambia ni wazima, akanichotea maji ya kuoga.

Kitabu kile kisicho na jalada bado ninacho, tena nakipenda. Kusoma kunanifundisha kuuliza vizuri, lakini sitarudia kuwauzia watu maswali yangu kana kwamba ni majibu, hasa pale ambapo mtu amekwisha kufagia kibanda na anangoja. Bado watu hunipigia simu kutoka Karungu, kutoka Migori, kutoka kwetu Rusinga, kuuliza habari za ng'ombe aliyegoma kula au ndama aliyevimba tumbo, kwa kuwa gazeti la zamani halifi. Nami huwaambia kwamba sijui, kisha huwapa jina la mtu wa kumuuliza pale Ntimaru, dukani kwa vitambaa, mlango unaotazamana na kinu cha kusagia unga: Habiba Galgalo.